Baada ya mazishi: cheti cha kifo na pesa zilizobaki kwenye simu ya marehemu

Kwanza poleni. Wengi wanaofungua ukurasa huu wameshamzika mtu wao, na sasa wanatafuta njia.

Mezani kwetu jambo hili huja kwa sura ileile. Mtu anafika na simu ya marehemu, mara nyingine imefungwa kwenye kanga, na kusema: "Mama alikuwa na pesa humu. Tupeni tukazigawe." Nasi tunatoa jibu lisilopendwa na yeyote: tuleteeni cheti cha kifo. Barua ya mzee wa kijiji haitoshi, kibali cha mazishi pia hakitoshi. Hapo ndipo familia hugundua kwamba cheti hakikuwahi kutafutwa, na marehemu ana mwaka mzima kaburini.

Tumeandika makala haya kwa ajili ya wateja wetu wa Kwale, kuanzia Diani na Ukunda hadi Msambweni, Shimoni, Vanga na Lunga Lunga. Utaratibu ni mmoja kwa Kenya nzima, lakini huku kwetu kuna mambo yanayoufanya ukwame mahali fulani fulani. Hayo ndiyo tutakayokaa nayo.

Kwa nini tunang'ang'ania karatasi

Tunaambiwa mara nyingi kwamba tunazuia pesa za mayatima. Kusema kweli, kinachozuia pesa hizo mara nyingi ni mtu wa familia anayejua namba ya siri. Baba anafariki asubuhi, jioni kijana wa kwanza ameshatoa kila kitu kwa wakala, na mjane hajui hata kulikuwa na kiasi gani.

Tuseme marehemu ni Mwislamu, ameacha mke mmoja, mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja, na wazazi wake walishatangulia. Baada ya kulipa gharama za maziko na madeni yake, kwenye simu zimebaki shilingi 48,000. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu mjane ana thumni, yaani 6,000. Zinazobaki ni 42,000: kijana apate 28,000 na binti 14,000. Kijana akizitoa zote kwa PIN ya baba, amechukua 20,000 zisizo zake. Huenda alizitumia kwa nia njema, akanunua mchele wa hanga na kulipa turubai. Lakini binti na mama hawakuulizwa.

Na sheria ya nchi ina neno hapo. Sheria ya Urithi ya Kenya, sura ya 160, kifungu cha 45, inasema kushika au kutumia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria ni kosa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kujua PIN si idhini. Kuandikwa kama mtu wa karibu siku ya kufungua akaunti pia si idhini. Jina hilo hutusaidia sisi kujua tumpigie nani, halimfanyi mtu kuwa mwenye pesa.

Kwa hiyo tukisikia kifo, kitu cha kwanza tunachofanya ni kuifunga akaunti isitoe pesa. Tupigieni mapema, hata siku ileile. Kuifunga hakuhitaji cheti. Kuifungua ndiko kunakohitaji.

Siku ya mazishi ndiyo siku ya karatasi

Huku pwani mtu akifariki alfajiri, adhuhuri au alasiri yuko kaburini. Hivyo ndivyo dini inavyotaka na ndivyo wazee walivyofanya. Lakini katika ile haraka ya kutafuta sanda, kuchimba kaburi na kupigia watu wa Tanga na Mombasa, kuna kazi moja inasahaulika: mtu wa kwenda kwa naibu wa chifu.

Kisheria kibali hutangulia mazishi. Mtu akifia nyumbani, naibu wa chifu wa kata ndogo ile ndiye msaidizi wa usajili. Yeye ndiye anayejaza fomu inayoitwa D2: jina la marehemu, umri, jinsia, mahali alipofia, tarehe, na sababu ya kifo kwa maelezo ya familia. Kutoka kwenye fomu hiyo ndipo kibali cha mazishi kinapotoka, na maelezo yanaendelea hadi kwa msajili wa vizazi na vifo. Fomu isipojazwa, kwa serikali mtu huyo hajafa. Kaburi lipo, khitma imesomwa, lakini kwenye daftari hayupo, na cheti hutolewa kutoka kwenye daftari tu.

Tunachoshauri ni kitu kidogo. Wakati wengine wanakwenda kuchimba, mtu mmoja tu, kijana mwenye bodaboda au shemeji aliye mtulivu, apewe kitambulisho cha marehemu, kadi yake ya kliniki kama alikuwa akiugua, na simu ya naibu wa chifu. Kazi yake siku hiyo iwe ni hiyo tu. Kitambulisho halisi cha marehemu huwa kinarudishwa serikalini, kwa hiyo apige kopi kabla hajakitoa. Akishapewa kibali, akipige picha pande zote mbili. Picha ibaki kwenye simu ya watu wawili wa familia, si kwenye kundi la WhatsApp la matanga lenye watu mia mbili. Kibali kina namba ya kitambulisho, na huko chini tutaeleza ni nani anayeitafuta namba hiyo.

Na ikiwa mmeshazika bila kibali? Nendeni kesho yake. Msingoje arubaini. Naibu wa chifu anayekumbuka msiba, na majirani waliosimama kaburini, ni mashahidi wenye uzito leo. Miaka mitatu baadaye naibu wa chifu amehamishwa na jirani amehamia Likoni.

Aliyefia hospitali

Hapa karatasi huanzia hospitalini. Hospitali hujaza fomu D1, ambayo sababu ya kifo huandikwa na daktari, na familia hupewa kibali pamoja na mwili. Ni rahisi kuliko D2, ila kuna jambo linalowachosha watu wa kwetu kuliko yote.

Kifo husajiliwa mahali kilipotokea. Hakisajiliwi nyumbani kwa marehemu wala mahali alipozikwa. Mtu wa Msambweni aliyefia Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Msambweni, karatasi zake ziko Kwale. Lakini wengi hupewa rufaa kuvuka kivuko cha Likoni hadi Hospitali Kuu ya Pwani, wakafia huko, na mwili ukaja kuzikwa Gazi au Kinondo. Karatasi za mtu huyu ziko Mombasa. Familia inakwenda kwa naibu wa chifu wa nyumbani, anawaambia hana habari. Wanapanda hadi Kwale mjini, wanaambiwa daftari halina jina hilo. Nauli ya Msambweni hadi Kombani, kisha kupanda mlima hadi Kwale na kurudi, imekwenda bure. Kabla hujapanda matatu, uliza swali moja: roho ilitoka wapi? Kibali chenyewe kitakujibu.

Ajali ya barabarani, kuzama, kujinyonga, au kifo chochote chenye utata ni cha polisi kwanza. Toeni ripoti, mchukue namba ya kitabu cha matukio, na mwili uchunguzwe mochari. Tunajua familia nyingi hazipendi mwili upasuliwe. Lakini kifo cha ajali kikifichwa ili mazishi yawahi, fidia ya bima ya gari inakuwa vigumu sana kudaiwa, na aliyegonga anakwenda zake.

Jina, herufi kwa herufi

Tukiulizwa ni kosa gani linarudisha watu nyuma zaidi mezani kwetu, hatuhitaji kufikiri. Ni jina.

Kwenye kitambulisho ni Khamis, kwenye kibali ni Hamisi. Kwenye akaunti ni Mwanaisha, kwenye cheti ni Mwanasha, kwa sababu ndivyo mtaa mzima ulivyomwita miaka sitini. Athumani, Athman, Othman. Swaleh na Saleh. Kisha kuna majina ya pili na ya tatu: nyumbani anajulikana kwa jina la babu wa mbari, serikalini ameandikwa jina la baba. Wewe unajua ni mtu mmoja. Anayekagua madai hamjui marehemu, ana karatasi mbili zenye majina mawili, na hana ruhusa ya kukisia.

Dawa yake ni kitambulisho kuwa mkononi mwa anayeandika. Usimtajie jina kwa mdomo. Akimaliza, soma alichoandika palepale, herufi kwa herufi, pamoja na namba. Ukilazimika kukatiza salamu za rambirambi ili usome, katiza.

Kosa likishaingia, lina njia mbili. Kama liko kwenye daftari la msajili, omba msajili asahihishe, na ubebe kitambulisho au kopi yake kama ushahidi. Kama ni tofauti ya tahajia kati ya cheti na akaunti, hati ya kiapo inayosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja, iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo, hukubalika sehemu nyingi, na kwetu pia. Lakini hiyo ni gharama na safari nyingine, kwa herufi moja.

Kuna wazee ambao hili huwa gumu zaidi. Wamakonde wa Kwale waliishi vizazi kadhaa bila vitambulisho vya Kenya, hadi walipotembea kwenda Nairobi Oktoba 2016 na kukubaliwa kuwa raia. Wapemba wa pwani walisubiri hadi 2023. Mzee aliyepata kitambulisho akiwa na miaka sabini anaweza kuwa na jina moja kwenye kitambulisho na jina jingine kwenye kila karatasi ya maisha yake ya nyuma, hata cheti cha ubatizo au kadi ya watoto kliniki. Familia za namna hii zisisubiri msiba. Kaeni na mzee, mwandike majina yake yote sasa.

Kuomba cheti na kulipa

Kibali kikishapatikana, cheti huombwa kwa msajili wa vizazi na vifo. Ofisi iko Kwale mjini, na ukikwama unaweza kuuliza pia Huduma Centre palepale Kwale. Lililo bora ni kumuuliza naibu wa chifu: "Fomu zako unazipeleka ofisi gani, na umeshazipeleka?" Swali hilo la pili lina maana. Ukienda kabla fomu hazijafika, utaambiwa rudi.

Maombi yenyewe sasa hufanywa kwenye eCitizen. Utahitaji akaunti yako mwenyewe, picha au kopi safi ya kibali, na vitambulisho, chako na cha marehemu. Kama huna simu ya kufungulia, saiba yoyote ya Ukunda itakusaidia, ila kaa karibu uone jina linavyochapwa, na usiache nywila yako ya eCitizen kwenye kompyuta ya watu.

Malipo ndiyo sehemu yetu, kwa hiyo tutaeleza polepole. Ukimaliza kujaza, mfumo hukupa ankara yenye namba yake na jumla ya kulipa. Kwenye menyu ya simu chagua Lipa Bili. Namba ya biashara ni 222222, ambayo ni moja kwa huduma zote za serikali ya kitaifa. Namba ya akaunti ni ile ya ankara, ibandike jinsi ilivyo. Kiasi ni kile kilichoandikwa kwenye ankara, bila kupunguza wala kuongeza. Meseji ya kuthibitisha usiifute hadi cheti kiwe mkononi.

Si lazima alipe aliyejaza fomu. Ankara inaweza kulipwa na simu yoyote. Kijana aliye Doha au binti aliye Nairobi anaweza kufanya sehemu yake bila mtu kutumiwa pesa za kwenda kulipa.

Hii ni huduma ya shilingi mia chache. Mtu akikuambia ni elfu tatu, au akakupa namba yake binafsi ili "aharakishe", huyo si msajili. Naibu wa chifu hauzi fomu D2.

Kisha wapo wezi wa misiba. Hawa husikiliza matangazo ya vifo na kusoma makundi ya matanga, halafu hupiga simu wakijifanya ni sisi: "Marehemu ameacha pesa, tunataka kuzihamishia kwako, tupe namba ya kitambulisho chake na PIN." Wakiwa na picha ya kibali, wanasoma jina kamili na namba, na unaamini. Sisi hatuombi PIN ya mtu yeyote, aliye hai wala aliyekufa. Wala hatutozi ada ili kuachilia pesa za marehemu.

Miezi sita, na mjane aliye edani

Usajili wa kawaida ni ndani ya miezi sita tangu kifo. Ukipita hapo unaitwa usajili wa kuchelewa: fomu za ziada, ushahidi zaidi, ada zaidi, subira zaidi. Bado inawezekana, hata baada ya miaka mingi.

Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Akitoka, miezi sita imebaki na wiki saba hivi. Tumeona wajane waliotoka edani wakafikia mezani kwetu wakiwa wamebakiwa na siku chache, kwa sababu kila mtu alisema "tumngoje mwenyewe atoke." Suala la kutoka kwa dharura wakati wa eda muulizeni sheikh wenu, si kazi yetu. Tunachojua ni kwamba hakuna hatua ya cheti inayomtaka mjane atoke. Kaka yake au mwanawe anaweza kwenda kwa naibu wa chifu, maombi yanafanywa kwa simu akiwa ukumbini kwake, na ankara inalipwa kutoka popote. Atoke edani cheti kikiwa ndani ya kabati.

Na wale wanaotafuta cheti cha babu kwa sababu hati ya shamba bado ina jina lake: usajili wa vifo ulikuja kuwa wa lazima nchi nzima mwaka 1971. Aliyefariki kabla ya hapo huenda hakuandikwa kabisa. Anzeni na chifu na wazee wanaomkumbuka, kwa njia ya usajili wa kuchelewa. Kwa bei ya ardhi ya Diani ilivyo leo, shamba lenye jina la mtu aliyekufa bila cheti ni mwaliko kwa matapeli.

Aliyekwenda baharini, na aliyefia ng'ambo

Vijiji vya wavuvi, kutoka Gazi hadi Vanga, vinalijua hili. Ngalawa inarudi bila mtu, au hairudi kabisa. Hakuna mwili, kwa hiyo hakuna D1 wala D2, na hakuna kibali. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 118A, inasema mtu asiyesikika kwa miaka saba na wale ambao wangepaswa kumsikia huchukuliwa kuwa amefariki, na mahakama ndiyo inayotamka hivyo. Miaka saba ni mingi kwa mke mwenye watoto. Hatuna njia ya mkato ya kuwapa. Lakini toeni ripoti polisi siku ileile, na muitunze, maana miaka saba bila tarehe ya kuanzia hubishaniwa. Nasi tupigieni tuifunge akaunti yake, isije ikatolewa pesa na aliyeokota simu.

Aliyefia ng'ambo ya mpaka, kwa mfano aliyekwenda kutibiwa Tanga akafariki huko, hati yake ni ya Tanzania, kutoka kwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Msirudi Lunga Lunga na mwili tu. Aliyefia Uarabuni akiwa kazini, nchi ile ndiyo inayotoa hati, na ubalozi wa Kenya huko ndio wa kuanzia. Hati ikiwa kwa Kiarabu, tutahitaji tafsiri iliyothibitishwa.

Ukishapata cheti

Cheti unachopewa ni nakala iliyothibitishwa ya kilichoandikwa kwenye daftari. Daftari lenyewe halitoki ofisini. Kwa hiyo cheti kikiungua au kikiliwa na mchwa, unaomba kingine kwa kumbukumbu ileile. Andika namba yake mahali. Na usimwachie mtu cheti halisi. Tuonyeshe, tulinganishe, sisi tubaki na kopi. Mwajiri, Sacco na NSSF pia watataka kukiona, na wafanyakazi wa hoteli za Diani huwa na haki zao huko ambazo familia hazizijui hadi ziulize.

Cheti kinathibitisha kifo. Hakisemi nani arithi. Hiyo ni hati ya pili, na huanza na barua ya chifu inayotaja warithi wote. Kama wote ni Waislamu na wamekubali, Mahakama ya Kadhi ina mamlaka hayo chini ya kifungu cha 170 cha Katiba. Wengine huenda kwa hakimu. Mali ikiwa ndogo, Mdhamini wa Umma, aliye chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu, anaweza kuisimamia bila kesi ndefu. Njooni na hati hiyo, cheti, na kitambulisho cha aliyetajwa ndani yake, na tutazihamishia pesa kwake. Zikikaa miaka mingi bila mdai, sheria ya 2011 inatutaka tuzipeleke kwa mamlaka ya mali za kifedha zisizodaiwa, UFAA. Hata huko hazipotei, ila mtaombwa karatasi zilezile.

Jambo moja mnaloweza kulifanya jioni hii mkiwa wote hai: piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Waume wengi huku walisajili laini za wake zao kwa majina yao wenyewe. Mume akifa, pesa za mke za kuuza samaki zinafungwa kama pesa za marehemu, na mwenyewe yuko hapo analia mara mbili. Laini ihamishiwe jina la anayeitumia.

Na akina mama wa chama, ambao pesa za wanachama wote ziko kwenye simu ya mweka hazina: yeye akifariki, kwa karatasi pesa zote ni zake na warithi wake, na nyinyi mtakuwa wadai mkipanga foleni kwa Kadhi na daftari la michango. Njooni tatu, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na vitambulisho pamoja na cheti cha usajili wa kikundi. Tutawafungulia akaunti ya kikundi inayotoa pesa kwa idhini ya watu zaidi ya mmoja.